Tuliwapa Kuku, Hatukuwapa Msitu

Riziki mwanangu,

Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia ufunge begi vizuri nyuma ya pikipiki, wala uvae koti la mvua kabla ya kufika Walikale, wala uchunge simu yako Kisangani. Akili unayo, na mambo hayo ni wewe uliyenifundisha mimi uliporudi kutoka chuo. Saa hii uko kwa shangazi yako unaaga, mvua imenifungia nyumbani, na nimekasirika. Nimeona niandike mchana huu huu hasira ikiwa bado moto, kwa sababu nikingoja giza nitaanza kulia, na barua ya machozi haitakusaidia kitu kule unakokwenda.

Kesho unaondoka kwenda Kinshasa, na kutoka Kinshasa utapanda ndege pamoja na wajumbe wa nchi yetu kwenda kwenye ule mkutano mkubwa wa mataifa juu ya hali ya hewa. Kijiji kizima kinajivunia. Mchungaji amekuombea kanisani mpaka sauti ikamkauka. Mtoto wa huku juu ya Pinga, mahali ambapo hata mfuko wa chumvi unafika kwa pikipiki, atakaa nyuma ya waziri na kadi yenye jina lake shingoni! Nami ninajivuna, usidhani sijivuni. Lakini juzi ulipanda kilimani kutafuta mtandao, ukashuka na ile hotuba waliyokutumia kwenye simu, ukatusomea mimi na baba yako hapa uani. Tangu hapo kitu kimenipanda kifuani na hakijashuka.

"Jamii za msitu wa Walikale zimetoa msitu wao kwa furaha, ili dunia ipumue." Ndivyo walivyoandika, na juu yake wakaweka jina lako, wewe usiyeandika hata nukta moja.

Kwa furaha! Nani alifurahi, Riziki? Papa Mukubwa wako alifurahi alipokuwa amefungiwa, amelala kwenye sakafu ya kasho kule Pinga, mzee mzima, kwa kosa la kulima shamba la mama yake mwenyewe? Nionyeshe hiyo furaha nami niicheze.

Nitakuandikia yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Kule utakaa siku nyingi katikati ya watu wenye suti na maneno laini, wote wakisema jambo moja, na mtu akikaa hivyo anaanza kujiuliza kama ya kwao aliyaona kweli au aliyaota. Ukifika hapo, toa barua hii usome.

Unajua kwamba mimi si mtu wa msitu. Mimi ni wa Masisi, mtoto wa ng'ombe na maziwa, na ndiyo maana wakwe zangu waliniita Mama Maziwa hata kabla sijazaa. Kwetu babu zangu walikuta vilima vyenye miti mikubwa wakavigeuza malisho. Baba yangu aliikata ile ya mwisho kwenye kilima chetu, nami nilimbebea chakula akiwa anakata, na nilifurahi kwa sababu jua lilifika mlangoni. Miaka haikuwa mingi, chemchemi yetu ikaanza kukauka kila kiangazi. Halafu mvua zikaharibika, zikawa zinakuja zote kwa mkupuo mmoja, na ukafika mwaka ambao kilima kile kile kilishuka asubuhi moja kikafunika zizi la kaka yangu pamoja na ng'ombe wote na kijana aliyekuwa anakamua. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba sielewi msitu una kazi gani. Ninaelewa kuliko yeye. Nimeona kilima kisicho na miti kinafanya nini.

Nilipoolewa huku nilikuwa msichana mwenye mikono isiyotulia. Nilitaka shamba langu la maharage. Karibu na kijito kulikuwa na sehemu moja nzuri, udongo mweusi, miti yake bado midogo. Nikaenda kwa Papa Mukubwa wako, kwa sababu yeye, kaka mkubwa wa baba yako, ndiye mwenye kuangalia msitu wa ukoo. Hakuna anayekata wala kulima wala kutega humo bila kumuuliza. Nikapiga magoti, nikaomba. Alinisikiliza kwa utulivu kabisa. Hakusema neno. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na mguu wa nyama ya kukausha uliofungwa kwenye majani, akanipa kwa mikono miwili.

Mimi nikarudi naruka. Ee Mungu wangu, nilifikiri nina bahati ya ajabu, kupewa shamba na nyama juu yake! Kesho yake nikachukua jembe. Wanawake wa ukoo wakaja mmoja mmoja wakasimama pembeni wananitazama. Hawakusema kitu hata wao. Nikadhani wanashangaa jinsi mtu wa Masisi anavyojua kulima, nikazidi kuonyesha nguvu, jasho linanitiririka kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Mpaka nyanya yako alipokuja, akanishika mkono wenye jembe, akaniambia polepole, "Mutoto wangu, alikukatalia."

"Alinikatalia wapi, Mama? Alinipa nyama!"

"Njo vile. Alikupa nyama juu alikukatalia."

Nilicheka kwanza, nikafikiri ananitania. Ndipo akanikalisha kwenye gogo akanifundisha. Huku mgeni hakataliwi usoni. Neno la kukataa ni zito, likitoka mdomoni linabaki kati ya watu wawili mpaka wanazeeka. Basi mwenye kukataa ananyamaza, halafu anatoa kitu cha kula, ili mwombaji asirudi nyumbani na mikono mitupu wala aibu. Ukimya ni hapana, na chakula ni pole. Kila mtoto wa huku anajua kabla hajaota meno. Mimi sikujua. Waliniacha nivune yale maharage, kisha nikarudisha shamba na kikapu kimoja cha mavuno, na Papa Mukubwa wako akalicheka jambo hilo mpaka ulipozaliwa wewe.

Sasa nisikilize vizuri. Yule mzee amewanyamazia wengi. Alikuja mtu wa mbao na misumeno yake, akala, akaondoka. Wakaja watu wa mawe, wale wa kuchimba, wakala, wakaondoka. Wakaja hata watu wenye bunduki waliotaka kukata miti ya makala, ule mkaa wa kuuza, na hao pia aliwanyamazia, akawapa mbuzi. Msitu ule umesimama kwa sababu ya kunyamaza kwake. Hakuna ofisi iliyoulinda, hakuna mkutano wa mataifa, hakuna waziri. Ni mzee mmoja na hapana zake zote.

Halafu akaja mgeni wa mradi.

Ningependa kukuambia kwamba alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Hakuwa mbaya. Alikuwa kijana mpole, amesoma, anatoka Goma wakati ule njia bado iko wazi, buti zake zimejaa matope na hakulalamika. Alizungumza kwa muda mrefu mbele ya nyumba ya mzee. Alieleza kwamba dunia inaungua kwa moshi wa viwanda vya mbali, kwamba miti yetu inafyonza moshi huo, na wenye viwanda wako tayari kulipa ili msitu usiguswe. Alisema nchi yetu ni kubwa sasa, ulimwengu mzima unaitazama. Alipomaliza watu wakapiga makofi, kwa sababu mgeni akimaliza kusema anapigiwa makofi, hata angekuwa anauza sumu. Kisha akamgeukia mzee akamuuliza kama ukoo unakubali.

Papa Mukubwa wako akanyamaza. Akanyamaza mpaka kuku wakasikika nyuma ya jiko. Halafu akanigeukia mimi akasema nichinje jogoo mwekundu.

Nilimchinja, nikampika na mafuta mekundu ya ngazi na sombe ya majani ya muhogo, nikapeleka. Nilipokuwa naweka sahani mbele ya yule kijana nilimwona anafurahi, na furaha yake niliitambua mara moja, ilikuwa yangu mwenyewe ya siku ile ya maharage. Nikainama nikamwambia kwa sauti ndogo, "Papa, mzee hajakubali. Huku ukinyamaziwa ujue umekataliwa."

Akanitazama, akacheka kwa upole. "Mama, usikuwe na wasiwasi. Batu bote balipiga makofi. Hata photo tulishapiga."

Nami nikafanya nini? Nikasema "Karibu chakula," nikarudi jikoni. Jambo lililoshika maisha yetu nililisema mara moja, nimeinama, sahani iko mkononi. Nikaiambia nafsi yangu kwamba nimeshamwambia, imetosha, mimi ni mwanamke wa jikoni na yeye ni mgeni. Kuna watu wanaosema wamesema, kumbe wamenong'ona. Nilikuwa mmoja wao, na nimeshakasirika na mimi mwenyewe vya kutosha, sasa nakasirika na wengine.

Yaliyofuata umeyaona kwa macho yako ulipokuja likizo. Kibao kimesimama kwenye njia ya kijito, kwamba msitu huu umehifadhiwa kwa makubaliano na wenyeji. Walinzi wamevaa sare mpya. Mitego imechomwa. Na lile shamba la nyanya yako, ambalo lilipumzishwa miaka yote hii kama ukoo unavyofanya, unalima hapa, unaacha pale mpaka miti irudi, wao waliliona lina miti wakaliita msitu. Mzee alipokwenda kulifungua ili wajukuu wapate mpunga, wakamkamata. Walimpeleka Pinga amefungwa kamba kwenye mikono ile ile iliyowapa kuku. Na wakati huo huo, Riziki, upande wa pili wa mto misumeno inalia mchana kutwa, na wanaoishika hakuna mlinzi anayewauliza jina, kwa sababu wana bunduki. Huo ndio ulinzi tuliopata. Msitu unalindwa dhidi ya yule aliyeulinda.

Ndiyo maana nilipokusikia unasoma "kwa furaha" nilitaka kuivunja ile simu.

Ukanieleza siku ile ile jinsi mambo yanavyopitishwa huko, unakumbuka? Nilikuwa nasonga ugali, na nilikuuliza kwa udadisi tu kama kule nchi zinapiga kura. Ukasema, "Hapana Mama, kule habapigake kura. Président wa réunion anauliza kama kuko inchi inakatala. Kama bote banyamaza, anapiga nyundo ku meza. Inapita."

"Na mwenye kunyamaza?"

"Mwenye kunyamaza amekubali, Mama."

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. Wewe ulifikiri nimeungua, ukaleta maji. Sikuungua. Nilikuwa nimeona kitu kizima kwa mara moja. Kumbe dunia nzima inaendeshwa na watu kama yule kijana! Wamejenga nyumba kubwa, wakaweka nyundo mezani, na wakaamua kwamba kunyamaza ni kukubali, bila kuuliza kama duniani kuna watu ambao kwao ni kinyume. Na nani ananyamaza katika nyumba hiyo? Mwenye viwanda hanyamazi, ulisema mwenyewe kwamba wao wanabishania hata koma moja mpaka alfajiri. Wanaonyamaza ni wetu. Anayenyamaza ni yule waziri ambaye amelishwa vizuri, na yule mjumbe ambaye amesinzia kwa sababu kila chumba kina mkutano na sisi tumepeleka watu wachache, na yule anayeogopa kuwaudhi wanaotulisha.

Nimesikia kwenye redio wakituita mapafu ya dunia. Mapafu! Mimi mapafu yangu yanakohoa moshi wa kuni, na dispansari ya kuyaangalia haina hata mlango. Nchi hii haijawahi kufika Pinga kwa barabara, lakini inafika ng'ambo kwa ndege kwenda kutoa msitu wa Pinga. Inasimama mbele ya mataifa inasema sisi ni suluhisho. Suluhisho la nani? Wenye kosa ni wale waliochoma, nao wanatafuta mahali pa kuweka kosa lao ili waendelee kuchoma. Na wetu wakubwa wanawaambia, wekeni hapa, kuna nafasi, wenyewe wameridhika. Zizi la kaka yangu lilifukiwa na kilima, pamoja na ng'ombe na kijana wake, na hakuna aliyekuja kuomba msamaha. Wanakuja kutuomba tusilime mpunga.

Usinielewe vibaya. Sikuambii usiende. Nchi yetu ina haki ya kukaa kwenye meza ile, tena mbele, tena kwa sauti. Ikiwa kuna watu wanaotakiwa kusikilizwa juu ya mvua na miti ni sisi, na mtu wa kutusemea huko ni afadhali awe wewe kuliko mtoto wa mkubwa fulani ambaye mti anaujua kwa jina la Kifaransa tu. Kinachonitia wazimu ni kwamba wamekuchagua wewe kwa sababu hiyo hiyo. Wanataka uso wa msitu useme maneno ya ofisi. Ulinieleza vizuri kwamba msitu wetu ndio mfano wao, kwamba wanunuzi, wale wenye viwanda wanaolipia miti, watakuwa ukumbini, na wewe ukishasoma, hakuna tena atakayeuliza kama wenyeji walikubali, kwa sababu mwenyeji amesimama amesema. Baada ya hapo shamba la nyanya yako halirudi. Si kwa mzee, si kwako, si kwa mtoto utakayezaa.

Na nilisikia jibu lako, sikulipuuza. Ulisema, "Mama, nikikatala kusoma banantosha ku liste, banamuweka mungine, anasoma vile vile. Afazali mi nikuwe ndani. Kesho kesho nitabadirisha kitu." Ulisema pia kuhusu ile kazi ya wizara waliyokuahidi. Najua ulivyosoma kwa shida. Najua vita vilivyokukimbiza kutoka Goma na vitabu kichwani. Sitajifanya kwamba ninachokuomba ni kidogo.

Lakini kuhusu hiyo kesho kesho, mwanangu, nina neno. Mimi pia nilijiambia kwamba nikiwa jikoni, karibu na wakubwa, nitapata siku nzuri ya kusema. Siku nzuri haikuja. Ukishaweka sahani mara ya kwanza bila kusema, ya pili inakuwa rahisi, na baadaye wanakuita kwa sababu unajua kuweka sahani.

Jana nilikwenda kwa Papa Mukubwa wako. Nilimkuta anachonga mpini, mkono wake wa kushoto bado haufungi vizuri tangu zile kamba. Nikamweleza yote, hotuba, nyundo, wanunuzi. Alisikiliza. Nilipofika kwenye lile neno, kwamba alitoa msitu kwa furaha, akaweka kisu chini.

"Nilitoa nini? Nilibapa kuku! Kuku muzima!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo. "Mama Riziki, muntu akikubali, anapanaka kuku? Muntu akikubali njo anaanza kugombana na weye. Anauliza mupaka iko wapi, nani atapita, nani atategea wapi, munagombana siku na siku, munakasirikiana, munarudiana. Mi niligombana nabo? Sikugombana nabo hata kidogo. Bangejua vile sikubakubalia."

Nilikaa na maneno hayo. Nimeishi huku zaidi ya nusu ya maisha yangu na sikuwa nimeliona hilo. Makubaliano yana kelele. Yana jasho na maswali na watu kuondoka kwa hasira na kurudi kesho yake. Yule kijana aliona utulivu na sahani nzuri akafikiri amekubaliwa, kumbe utulivu wenyewe ulitosha kumwambia.

Nikamwomba aseme kwa mdomo wake mwenyewe, nimrekodi kwenye simu, wewe uchezeshe kule ukumbini. Alijaribu, Riziki. Nilishika ile simu mbele yake, akafungua mdomo, akaufunga. Mwisho akaisukuma simu kwa upande wa nyuma wa mkono.

"Mi nimezeeka na heshima yangu," akasema. "Siwezi kuanza leo. Muache Riziki akose heshima juu yetu. Yeye anakuaka na mudomo tangu mutoto. Aseme tu: Papa yangu mukubwa alikatala."

Basi huo ndio ujumbe wako kutoka kwa mwenye msitu. Nimekufikishia kama ulivyo, sikuongeza chumvi. Sikupangii namna ya kuusema. Labda utapata njia ya kuwaambia kwanza wajumbe wenzako kule Kinshasa, ugombane nao mlango ukiwa umefungwa, wabadilishe maneno. Gombana nao kweli, uwachoshe. Labda watakuondoa kwenye orodha, urudi huku na begi lako, na mimi nitakupokea kwa ngoma. Labda utafika ukumbini na karatasi yao mkononi, na utakuwa na dakika zako pale mbele, na hakuna mtu hata mmoja atakayeweza kukufunga mdomo mpaka umalize. Wewe ndiye utakayejua. Ninachokuomba ni kimoja. Usinong'one. Usiseme pembeni, kwenye chai, kwa sauti ndogo, kwa mtu mpole atakayecheka na kukuambia picha zimeshapigwa. Na nyundo ikiinuliwa juu ya jambo letu, usiwe na adabu.

Sasa nikuambie la baba yako, kwa sababu najua linakuuma.

Umeona wiki hii hajakuambia kitu juu ya safari. Umeona jinsi anavyokupakulia nyama wewe kwanza kila jioni, kipande kikubwa, na hakutazami. Wewe ni mtoto wa huku, hakuna haja nikufasirie. Hataki uende. Anaogopa njia, anaogopa wenye bunduki kati ya hapa na Walikale, na tangu uliposoma ile hotuba anaogopa zaidi wenye suti. Anafikiri watakuumiza ukisema, na watakuharibu usiposema. Nilimsikia, na sikupita juu ya ukimya wake kama yule kijana wa mradi. Nilimkalisha hapa uani nikamwambia, "Nimesikia umekataa, sasa nijibu." Tukagombana mpaka majirani wakatoka nje. Akasema mimi ni mtu wa Masisi, ninauza watoto kama maziwa. Nikasema yeye na kaka yake wamenyamaza mpaka wakanyamazia msitu. Yalikuwa maneno mabaya na sote wawili tuliyalilia baadaye. Hajasema uende. Mpaka saa hii ninayoandika, hajasema.

Lakini tangu asubuhi yuko pale chini ya paa la jiko na pikipiki. Amefungua gurudumu, amebadilisha mpira, amekaza mnyororo, amepaka mafuta, amefungua tena kila kitu akaanza upya. Nilimuuliza nani atakupeleka mpaka Walikale, nimtafute motari wa kukodi. Hakunijibu. Akaniuliza kwa ukali kama koti lake la mvua bado lina shimo begani.

Nimelishona. Kesho panda nyuma yake, umshike kwa nguvu.

Mama yako